Chagua chelezo kitakachomtoa mtoto majini

Likizo ya Juni mwaka jana nilimpelekea mtoto wa dada yangu, kule Lugoba, zawadi aliyoniomba kwa muda mrefu: mshipi wa nailoni na ndoana tano. Bei yake haikuzidi soda mbili. Ana miaka 10, na siku ile aliruka kama nimemletea baiskeli. Nilirudi mjini nikijiona mama mdogo wa maana.

Desemba niliporudi, alinivuta nyuma ya banda la kuku.

"Mama mdogo, nikimaliza kukojoa inatoka damu. Usimwambie mama, atanikataza kwenda kuvua."

Mimi ndiye ninayewaandikia humu kuhusu kichocho. Nimeandika juu ya dawa zinazogawiwa shuleni na juu ya konokono wa madimbwini, nikawaasa wazazi wasipuuze damu kwenye mkojo. Kabla mtoto hajamaliza sentensi nilishajua jibu. Nilichokuwa sikijui ni namna zawadi yangu ilivyohusika.

Mama yake tulimwambia jioni ileile, maana siri ya namna hiyo haifichwi. Kesho yake tukampeleka kupima. Mkojo ulichukuliwa karibu na saa sita mchana, kwa sababu mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mayai yakaonekana. Akapimwa uzito, akapewa vidonge vya prazikwanteli baada ya kula, akalalamika juu ya uchungu wake, na siku ile mambo yakaishia hapo.

Dada yangu alikuwa na hukumu yake tayari. "Huo mshipi nautia jikoni leo."

Babu yetu, aliyekuwa kimya kwenye mkeka wake, ndiye aliyeuokoa. "Mwanangu, mshipi haujauma mtu. Mwende kwanza mkaone mtoto anasimama wapi."

Tulikwenda. Walio na ndugu upande huu wa Chalinze wanayajua mazingira. Lugoba iko kando ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, kabla ya Msata, na wengi wanaifahamu kwa kokoto. Mto Wami unapita kaskazini yake. Lakini watoto wengi hawavui Wami. Huvua kwenye malambo, yale mabwawa madogo ya kunyweshea mifugo na kukinga maji ya mvua. Humo wamo perege na kambale, pembeni kuna matete, na kwenye matete kuna konokono.

Mtoto alituonyesha sehemu yake. Alivua kandambili, akapita kwenye matete, akasimama maji yakiwa mapajani. Nilipiga kelele atoke. Babu akamuuliza taratibu kwa nini asikae ukingoni.

"Nikikaa huko sioni chelezo, babu."

Chelezo chake kilikuwa kipande cha bua bichi, kijani, kirefu kama njiti ya kiberiti, kikielea katikati ya majani ya kijani. Hata mimi mwenye miaka 20 na kitu sikukiona. Kwa hiyo kila alipotaka kujua kama samaki amedonoa, ilibidi aingie majini akakitazame kwa karibu. Saa mbili, saa tatu kwa siku, likizo nzima.

Nikaelewa kwamba chelezo kibaya ndicho kilichokuwa kinamwingiza majini, na mshipi niliomletea haukuwa na kosa.

Dakika chache zinatosha

Tukumbushane kinachotokea. Mtu mwenye kichocho akikojoa kwenye maji baridi ya bwawa au kijito, mayai yanaanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono wa aina maalumu, vinaingia ndani yake na kuzaliana. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo anaachia majini vimelea vingine vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya binadamu. Si lazima unywe maji. Si lazima uwe na kidonda. Ngozi nzima, dakika chache tu, vinaingia.

Konokono huachia vimelea hivyo kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Kwa mtoto aliye likizo, hizo ndizo saa za kuvua.

Damu haionekani siku ileile. Huchukua wiki nyingi, pengine miezi miwili au mitatu, minyoo ikomae na kuanza kutaga kwenye mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Ndiyo maana mtoto aliyeanza kuvua Juni alianza kulalamika mwishoni mwa mwaka, na ndiyo maana wazazi wengi hawaunganishi mambo haya mawili. Babu mwenyewe alikiri kwamba enzi zao mvulana akikojoa damu ilisemwa anakua. Siyo kukua. Kikiachwa miaka mingi, kichocho cha kibofu huharibu kibofu na figo, na huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Kwa wasichana na wanawake mayai hujeruhi pia sehemu za uzazi, na mara nyingi maumivu hayo huchukuliwa kimakosa kuwa ugonjwa wa zinaa.

Shirika la Afya Duniani linasema angalau asilimia 90 ya watu wanaohitaji tiba ya kichocho wako Afrika, na Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa. Kwa hiyo hadithi ya mtoto wetu si ya ajabu. Lakini kumwambia mtoto wa kijijini asivue ni sawa na kumwambia asicheze mpira. Na perege wake wanne ni mboga ya jioni. Swali la maana ni hili: atajuaje kwamba samaki amekula chambo, huku miguu yake ikiwa mikavu?

Darasa la babu

Babu alikaa chini ya mti, akaagiza kisu, kandambili iliyokatika na rangi ya kucha ya dada yangu. Nami nikachukua daftari.

Kuna njia nne za kujua samaki amefika. Ya kwanza ni kidole. Unashika mshipi mkononi na kusikiliza kwa ncha ya kidole. Wavuvi wa mshipi wa Bagamoyo hufanya hivyo baharini na hawahitaji kitu kingine. Lakini wao wako ndani ya chombo, mshipi umeshuka wima chini yao. Ukingoni mwa lambo mshipi unalala kwenye matete, kidole hakisikii kitu, na mtoto anasogea mbele hatua moja, kisha nyingine, hadi yuko majini.

Ya pili ni kufunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu na kulala usingizi. Babu aliitaja akicheka, maana ameitumia sana. Mimi sikucheka. Kambale mkubwa akivuta kwa nguvu, nailoni hukata nyama hadi mfupa, na mtoto aliyefungwa kwenye mshipi anaweza kuvutwa kwenye kina. Mshipi haufungwi kwenye kidole, mkono wala kiuno cha mtoto, hata kwa utani.

Ya tatu ni chelezo, na hapa ndipo penye kuchagua. Wengi hudhani kikubwa ndicho bora kwa sababu kinaonekana mbali. Babu alikataa. Perege ana mdomo mdogo na anadonoa kwa hadhari. Akivuta chambo akahisi kitu kizito kinamrudisha juu, anatema. Ukitumia boya nono kama yai, utaliona vizuri kabisa, na halitazama hata mara moja.

Kinachotakiwa ni chelezo chembamba na kirefu, kisimame wima. Shina la unyoya wa kanga au bata linafaa sana. Bua kavu la mtama linafaa. Kipande cha kandambili kilichochongwa kama penseli fupi kinafaa, na hakilowi. Kisha unaongeza chubwi kidogo kidogo chini yake hadi ibaki nje ncha tu, kama urefu wa pingili moja ya kidole. Hapo perege akigusa, ncha inacheza, na akivuta, inapotea. Kama chelezo kinalala ubavu, chubwi ni jepesi. Kama hakionekani, limezidi.

Rangi ndiyo iliyokuwa imekosekana kwa mtoto wetu. Babu alipaka ncha rangi nyekundu ya kucha, na chini yake akaacha mkanda mweupe. Kwenye maji yenye kivuli cha majani, nyekundu inawaka. Maji yanapong'aa kwa jua, ule mpishano wa rangi mbili ndio unaosaidia jicho. Kipimo ni rahisi. Mtupe mtoto chelezo majini, arudi hatua tano kutoka ukingoni, akae. Kama hawezi kukuambia kinapocheza, chelezo hicho hakimfai, hata kiwe kizuri namna gani.

Pamoja na chelezo kinahitajika ufito mrefu. Mwanzi wa mita nne unavuka matete, kwa hiyo mtoto hana haja ya kuyavuka yeye.

Kopo la kokoto na njuga

Njia ya nne ni ya sauti. Kambale hula chini, na chelezo hakimfai sana. Unaweka chambo sakafuni mwa bwawa, unalaza ufito kwenye panda ya mti iliyochomekwa ardhini, na kwenye ncha yake unafunga njuga ndogo. Samaki akivuta, inalia. Asiye na njuga hutumia kopo tupu lenye kokoto tatu, linaloning'inizwa kwenye mshipi kati ya panda na ncha. Kokoto Lugoba hatuzikosi. Kambale akichukua chambo, kopo linapanda na kupiga kelele, na mvuvi anaamka chini ya mti akiwa mkavu.

Hata Uingereza walifika huko huko. Wavuvi wao wa maji baridi huweka king'ora kidogo cha betri kwenye panda ya ufito, mshipi ukisogea kinalia na taa kuwaka. Miongoni mwa waliokieneza ni Richard Walker, ambaye Septemba 1952 alivua samaki aina ya kapi mwenye uzito wa ratili 44, karibu kilo 20, kwenye bwawa la Redmire. Samaki yule alipelekwa akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya London. Ving'ora hivyo siku hizi vinauzwa mtandaoni, na vijana kadhaa wameniuliza kama vinafaa kununuliwa. Kwa perege wa lambo, hapana. Kopo la kokoto linafanya kazi ileile na halihitaji betri.

Ila sauti ina mtego wake. Kambale hula sana usiku, na njuga inakuruhusu kuvua gizani. Usiku ndio wakati wa mbu wanaoeneza malaria. Kwa mtoto, nasema bila kuzunguka, jua likikaribia kuzama njuga ifunguliwe na safari ya nyumbani ianze.

Chubwi lisiingie mdomoni

Jambo moja lilinishtua kuliko yote. Nilimwona mtoto akibana chubwi kwenye mshipi kwa meno. Lilikuwa la risasi, yaani lile madini laini ya kijivu ambalo mafundi hulitoa kwenye betri kuukuu za magari.

Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huathiri ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma. Kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na vumbi la risasi ya betri zilizokuwa zikifumuliwa mtaani kwao. Uingereza ilizuia machubwi mengi ya risasi mwaka 1987, nako ilikuwa kwa ajili ya kuwaokoa bata maji waliokuwa wakiyameza.

Basi usiyeyushe risasi jikoni, na mtoto asiling'ate wala kuliweka mfukoni pamoja na karanga. Nati kuukuu ya baiskeli inatosha kuwa chubwi. Kijiwe kilichofungwa kwa uzi pia kinatosha. Ukibadilisha chubwi, pima upya chelezo chako.

Chelezo hakimalizi kila kitu

Nisije nikaeleweka kwamba chelezo chekundu ni dawa. Kinapunguza sababu moja kubwa ya mtoto kuingia majini, lakini zipo nyingine.

Mshipi ukinasa kwenye matete, mtoto huingia kuunasua. Mpe ruhusa mapema ya kuukata. Asiogope kugombezwa, maana ndoana ni ya bei ndogo kuliko nauli ya kwenda kupima. Maji ya kunawa mikono yatoke nyumbani kwenye dumu, yasichotwe lamboni. Samaki mwenyewe haambukizi kichocho, kwa hiyo mboga iliwe bila hofu.

Ndoana ikimchoma ndani, usiivute kwa nguvu. Funika, mpeleke kituo cha afya, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kambale naye ana miiba miwili migumu kwenye mapezi ya ubavuni, asishikwe na mtoto peke yake.

Mto Wami ni habari nyingine kabisa. Una mamba na viboko, hadi unapoingia baharini huko Saadani. Mamba haangalii rangi ya chelezo, na kukaa ukingoni mwake si usalama. Watoto wasivue Wami bila mtu mzima anayeujua mto.

Na hata lamboni, awepo mkubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 2024 ilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao watoto na vijana. Kingo za malambo ni udongo unaoteleza, na kina huanza ghafla. Hatua tano nilizozitaja zinamlinda na hilo pia.

Mwisho, dawa. Siku ya kugawa dawa za kichocho shuleni, ile ya kupimwa urefu kwa kijiti, mtoto asikose. Wetu alikosa, alikuwa na homa, nasi hatukufuatilia. Ukiona damu kwenye mkojo, au mtoto akilalamika kuungua akikojoa, mpime. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, haiui ile michanga, na haimkingi asiambukizwe tena. Kwa hiyo anaweza kuhitaji kupimwa upya baadaye, na akirudi majini kesho, anaanza upya kesho. Na hata asiyevua hata mara moja, asikojoe bwawani. Hapo ndipo mzunguko wote unapoanzia.

Mtoto wetu alipimwa tena Machi, mkojo ukawa safi. Dada yangu hakuutia mshipi jikoni, ila aliweka sharti: akirudi, anamkagua suruali. Ikiwa imelowa juu ya vifundo vya miguu, mshipi unakaa darini wiki nzima. Hadi naandika safu hii, umekaa darini mara moja tu. Alisema kandambili ilidondoka majini.

Wiki iliyopita alinipigia simu kwa simu ya mama yake. Amevua perege sita, na anataka nimletee chupa nyingine ya rangi ya kucha. Ile ya kwanza mama yake ameificha.

Tukutane wiki ijayo.